Vifaa vya kutoa mabonyeo ya gari nyumbani au fundi? Nimetumia vyote kwenye IST, haya ndo niliyoyaona

Nianze na majibu kwa wenye haraka. Kile kikombe cha mpira cha kunyonya bati wanachouza elfu kumi na tano, usinunue. Seti kubwa ya gundi yenye daraja la kuvutia, mimi niliichukua kwa elfu tisini, ina kazi yake ila ni ndogo kuliko wanavyoonyesha kwenye video, na inataka gari ambayo bado ina rangi yake ya Japani, yaani ile ya kiwandani. Fundi wa vyuma, yule anayesukuma bonyeo kutoka ndani bila kugusa rangi, mtafute hata kama yuko upande wa pili wa mji. Na fundi wetu wa nyundo na puti (ile pasta ya kujazia bati kabla ya rangi) bado anahitajika, tusimtukane bure, shida ni kwamba tunampelekea hadi mabonyeo ambayo hayakuwa yake. Kwa wenye muda twende taratibu.

Gari yenyewe ni Toyota IST ya toleo la kwanza, zile za 2002 mpaka 2007, silva, namba D, mnazijua maana Dar ukirusha jiwe halikosi IST. Kwa maisha ya mjini hii gari haijawahi kugonga mtu lakini imegongwa na kila kitu. Mlango wa nyuma kushoto ulikuwa na bonyeo pana la kina kidogo, kama kiganja na nusu hivi, guta lililobeba madumu ya maji lilirudi nyuma likaegemea pale kwenye foleni. Mlango wa dereva ulikuwa na kale kabonyeo kadogo kakali ka kufunguliwa mlango na jirani kwenye parking, kila mwenye gari anako. Bampa ya nyuma ilikuwa imeingia ndani upande wa kulia. Alafu kuna mkunjo kwenye fenda ya mbele, juu kidogo ya tairi, usukani wa bodaboda ulipita pale ukachora na kukunja, rangi ikapasuka. Kwahiyo nilikuwa na aina zote nne kwenye gari moja, na shemeji yangu ana Noah ambayo nayo ilikuja kuingia kwenye hii habari bila kutarajiwa.

Tuanze na kikombe. Ni mpira mweusi wenye mkono juu, unalowesha ukingo kwa maji kidogo ushike vizuri, unakandamiza kwenye bati, unavuta. Basi. Kwenye lile bonyeo pana la mlango wa nyuma lilitoka kwa mlio, "pwaa!", na kusema ukweli kwa sekunde kadhaa nilifurahi kinoma, nikaita mpaka watu wa ndani waje waone. Ila ukisimama pembeni ukaangalia mlango kwa ubavu, jua la jioni likiwa linapiga, unaona katikati pamerudi lakini pembeni kuna alama ya duara imebaki, kama kizibo cha chupa ya jam ambacho kimebonyezwa kikarudi lakini hakijakaa sawa. Na hapo ndo siri yote ya hii biashara ilipo, na ndo kitu video hazisemi.

Bati la mlango wa gari ni jembamba, milimita 0.7 au 0.8 hivi. Likisukumwa na kitu kipana, sehemu kubwa ya katikati haijaumia, imeinama tu na bado inataka kurudi yenyewe. Kinachoizuia ni ule ukingo unaozunguka bonyeo, pale ndo bati limekunjwa kupita uwezo wake na limebaki hivyo, tena mara nyingi limepanda juu kidogo kuliko usawa wa mlango. Ukingo ndo umeshikilia katikati. Kikombe kinavuta katikati, katikati inashinda inarudi, ukingo unabaki vilevile. Ndo maana bonyeo pana la kina kidogo linatoka kwa mlio na video inakuwa tamu, na ndo maana wanaopiga hizo video wanachagua bonyeo la hivyo tu. Wakipeleka kikombe kwenye kabonyeo ka mlango wa jirani video haipandishwi.

Mimi nilikipeleka. Kwanza kikombe ni kikubwa kuliko bonyeo lenyewe, kwahiyo kinavuta bati zima la mlango na sio pale unapotaka. Pili piga hesabu: hewa inakandamiza kama kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba, kikombe cha upana wa sentimita 5 kina eneo la sentimita za mraba kama 20, kwahiyo hata kikinyonya kwa ukamilifu ambao hakiwezi kuufikia huvuti zaidi ya kilo 20, tena zimesambaa eneo lote. Kabonyeo kakali kanataka nguvu ndogo iliyokusanywa sehemu moja, sasa wewe unakapa nguvu iliyotawanyika. Hakakutoka hata robo. Na kuna kitu kibaya zaidi, ukiendelea kuvuta vuta kwa hasira bati linaanza kupwaya, unabonyeza kwa kidole linaingia unaachia linatoka, toka hapo hata fundi mzuri atakulaumu.

Af jamani ile pampu ya kuzibulia sinki inafanya kazi ileile. Nililowesha, nikabandika kwenye lile lile eneo, ikashika vizuri kuliko kikombe. Kwahiyo kama kweli una bonyeo pana la aina hiyo tumia ya nyumbani kwako, ioshe kwanza, hela ya kikombe weka mafuta.

Kuna ile nyingine ya drai ya nywele, unapasha bati moto alafu unapuliza baridi ya ghafla kutoka kwenye kopo la hewa lililogeuzwa chini juu, eti bati linashtuka linarudi. Nimejaribu, hamna kitu. Chuma kilichokunjwa kupita kiwango chake hakirudi kwa tofauti ya joto ndogo namna hiyo, unachofanya ni kuitesa rangi tu, joto baridi joto baridi, na rangi yenyewe ya gari zetu imeshapigwa na jua la miaka. Pita.

Ila maji ya moto kwenye bampa ni habari tofauti kabisa na hapa naomba mnisikilize maana watu wanalipa hela bure. Bampa za gari nyingi sio bati, ni plastiki, ukichungulia kwa ndani utakuta herufi PP zimechapwa mahali. Plastiki hiyo ikipata moto inalainika na inataka kurudi kwenye umbo lake la kiwandani. Nilichemsha birika la maji, nikafungua klipu chache za upande wa tairi mkono upate pa kupita, nikamwagia maji polepole pale palipoingia, nikavaa glavu za jikoni nikasukuma kutoka ndani, bampa ikarudi yenyewe kwa ulaini ambao hata sikutegemea, alafu hapohapo nikamwagia maji ya baridi ikae. Bure kabisa. Alama ndogo ya mstari ilibaki pale ilipokunjika kwa ukali lakini mpaka nikuonyeshe. Angalizo: usisogeze moto wa gesi wala ile mashine ya hewa ya moto kama huna uzoefu, rangi inatoa malengelenge haraka sana, na kama rangi ilishapasuka kwenye mkunjo maji ya moto hayatairudisha.

Sasa seti ya gundi, ndo uwanja wenyewe. Niliipata Kariakoo kwenye duka la vifaa vya magari, boksi lina bunduki ya gundi, fimbo za gundi, vibandiko vya plastiki vya maumbo tofauti (vya duara, vya mviringo mrefu, vidogo kabisa), daraja lenye miguu miwili ya mpira na skrubu katikati ya kuvutia, nyundo ya kuteleza, kalamu ya plastiki ya kugongea, na chupa ya spiriti ambayo ni tupu, utajaza mwenyewe. Plagi ya bunduki ni ya pini mbili bapa kwahiyo tafuta adapta kabla hujaanza kulaumu umeme. Kwa elfu tisini vitu ni vingi, ubora ni wa kati, skrubu ya daraja ilianza kulegea mapema lakini ilifanya kazi.

Namna inavyofanya: unasafisha pale kwa spiriti mpaka pasiwe na nta wala mafuta, unaweka gundi ya moto kwenye kibandiko, unabandika katikati ya bonyeo, unasubiri ipoe, unaweka daraja juu yake, unazungusha skrubu polepole kibandiko kinavuta bati, mpaka kinabanduka chenyewe kwa mlio mkali. Unaangalia, unarudia. Gundi iliyobaki unaipulizia spiriti kwenye kingo zake, inaachia, unaitoa kwa kikwangulio cha plastiki. Tafadhali usitumie dawa ya kutolea rangi ya kucha, ile inakula rangi ya gari, na kuna mtu mtaani kwetu ana ushahidi kwenye boneti yake.

Kitu ambacho karatasi ya maelekezo haikusema, nayo imeandikwa na watu wa nchi za baridi kwahiyo sishangai, ni jua letu. Gundi ya moto inashika kwa kupoa. Saa saba mchana gari ikiwa imesimama juani bati la mlango huwezi hata kuweka kiganja, sasa gundi itapoaje hapo? Inabaki laini kama ubani wa kutafuna, ukivuta inakuja na nyuzi nyuzi bila kuvuta chochote. Mafundi wa hii kazi wana gundi za aina tofauti kwa joto tofauti, za baridi na za joto, kwenye boksi umepewa aina moja tu na hujaambiwa ni ipi. Nilipohamia asubuhi na mapema kivulini, bati limepoa usiku kucha, mambo yakabadilika, ikaanza kushika kweli kweli.

Matokeo kwenye kabonyeo ka mlango wa dereva: kalipungua sana. Mtu akipita haoni. Lakini katikati pakatokea kipele, yaani bati limevutwa likapita usawa likawa limechomoza kidogo, na pembeni yake kuna duara bado liko chini. Hapo unatakiwa uchukue ile kalamu ya plastiki ugonge kipele taratibu kirudi, ukigonga kikazama zaidi unarudi kubandika, ukivuta kinachomoza, ukigonga kinazama... mnaelewa ninavyomaanisha. Kuvuta bati kumbe mtu yeyote anaweza. Kazi ni kujua upandishe wapi, ushushe wapi, na uache lini, na boksi halina kifaa cha hiyo.

Noah ya shemeji sasa. Alikuja kunikuta nahangaika kivulini akaona kazi inaenda, akasema nimjaribie ubavuni kwake juu ya tairi la nyuma. Nikamuuliza, "Shemeji hii rangi ni yake?" Akajibu kwa kujiamini kabisa, "Ya Japani hii, sijawahi kuigusa." Kuigusa yeye kweli hajawahi, aliyemuuzia ndo aliigusa. Kuvuta mara ya kwanza tu kibandiko kikatoka na kipande cha rangi ukubwa wa shilingi mia mbili, chini yake puti ya pinki imekaa inatuangalia. Tukachukua sumaku ndogo ya friji tukaizungusha pale, upande mzima haishiki. Kwahiyo kabla hujaweka gundi kwenye gari yoyote, pitisha sumaku kwanza, weka kitambaa laini katikati isikwaruze, isiposhika kama inavyoshika sehemu nyingine za gari jua kuna puti chini na hiyo rangi haitavumilia gundi. Rangi ya kiwandani yote kwa pamoja, tabaka zote, ni mikroni 100 mpaka 150 hivi, imekaushwa kwa joto kubwa kwenye tanuri ndo maana inashikilia. Iliyopigwa gereji inategemea aliyepiga aliamkaje siku hiyo. Na kama bati ni la aluminiamu, kama boneti za baadhi ya magari ya bei, sumaku haitashika kabisa, hilo nalo usiliguse maana halirudi kama chuma na linachanika haraka.

Basi ndo nikaenda kwa fundi wa vyuma. Hawa sio wengi. Ukiuliza gereji kumi tisa watakwambia "leta tu tunapiga" wakimaanisha nyundo, puti na rangi. Huyu yuko na turubai lake chini ya mwarobaini, hana bango, gari za watu wa showroom ndo zinamuweka mjini, maana wauza magari wanajua gari yenye rangi yake inauzika kuliko iliyorudiwa.

Kilichonishangaza cha kwanza ni kwamba hakushika kifaa. Alivuta taa ndefu ya tyubu aliyoibandikia mistari ya selotepu nyeusi, akaisimamisha pembeni ya mlango, akachuchumaa. Mistari ya taa inaonekana kwenye rangi, mlango ukiwa sawa mistari imenyooka, penye bonyeo mistari inabanana au inapinda. Akaangalia weee, akahamisha taa, akaangalia tena. Akapitisha vidole akiwa ameweka kitambaa katikati. Nikamwambia lile la mlango wa dereva nilishaligusa mwenyewe na gundi. Akacheka akasema, "Nimeona bosi, hapa umevuta, hapa na hapa." Akaonyesha kwa ncha ya kalamu sehemu ambazo mimi nilikuwa sizioni tena hata nikikodoa. Bei: elfu sabini kwa lile pana na elfu arobaini kwa dogo, tukaomba omba ikawa laki moja kwa yote. Kwa mlango ambao gereji ya rangi wangetaka laki na ishirini mpaka laki na nusu kwa kila mmoja.

Akashusha kioo, akaweka kabari ya plastiki kwenye upenyo kati ya kioo na mlango, akapitisha chuma kirefu chenye ncha iliyopindwa. Vyuma vyake anavyo vya kila namna, vingine kanunua, vingine kachongewa na mchomeleaji na ncha zake kazivisha tepu visitoboe rangi kwa nyuma. Alafu kazi yenyewe ni ya kuchosha kuangalia: anasukuma kidogo sana, mkono hauonekani hata kama umesogea, macho yako kwenye mstari wa taa na sio kwenye mkono. Kwenye lile bonyeo pana hakuanza katikati hata kidogo. Alianza na ukingo, akawa anagonga ule uliopanda kwa kifimbo cha plastiki na kinyundo chepesi, tak tak tak, akizunguka. Katikati iliyokuwa imebaki chini kidogo ikawa inajiinua yenyewe polepole kadri ukingo unavyoachia. Pale ndo nikaelewa kwanini kikombe changu kiliacha duara. Anasukuma kutoka ndani sehemu zilizobaki, anagonga zilizochomoza, anahamisha taa upande mwingine, anaanza upya. Nikamuuliza kwanini anahamisha hamisha taa, akasema upande mmoja unadanganya.

Alipomaliza mistari ilikuwa imenyooka. Nimeangalia kwa jua la asubuhi, la jioni, na chini ya taa za kituo cha mafuta ambazo ndo kali kuliko zote kwa kuonyesha uongo kwenye bati. Mlango wa nyuma mimi mwenye gari siwezi kukuonyesha palikuwa wapi. Mlango wa dereva ukijua pa kuangalia kuna kijistari kidogo, akaniambia pale chuma cha kukinga ajali kilicho ndani ya mlango kimemzuia kufika kwa pembe anayotaka, kwahiyo amemalizia na gundi. Ndio, na yeye ana gundi! Ana daraja na vibandiko kama vyangu tu, ila vyake vya bei, na anavitumia pale chuma hakifiki.

Kilichonifanya nimuamini zaidi ni fenda. Nilimwonyesha ule mkunjo wa bodaboda, akaupitishia kidole, akasema, "Hii siyo yangu bosi, rangi imeshapasuka na bati limenyooshwa, hii kapige rangi." Hakujaribu hata kutaja bei. Fundi anayekataa hela ya kazi isiyo yake, hata akiwa na foleni ndefu msubiri.

Kwahiyo fenda ikaenda gereji ya bodi na rangi, na hapa niseme kidogo maana watu wakishaona video za vyuma na gundi wanaanza kuwadharau hawa. Bati likishakunjika kwa ukali, likatanuka, rangi ikapasuka, hakuna uchawi, linataka nyundo mbele na chuma cha kukingia nyuma, lirudi karibu na usawa, alafu puti nyembamba, msasa, praima, msasa mwembamba, rangi, kliya (ile rangi angavu ya juu). Na huku kwetu pwani usikae na rangi iliyopasuka ukisubiri hela, hewa ya chumvi inaingiza kutu chini kwa chini na mwaka kesho unanunua fenda.

Tofauti ya fundi na fundi maiko, yaani wa kubabaisha, kwenye hii kazi iko kwenye puti. Fundi ananyoosha bati kwanza mpaka puti ibaki ya kuziba mikwaruzo, milimita chache tu. Maiko anagonga mara mbili tatu alafu anajaza shimo lote puti, inapendeza wiki ya kwanza, ikipigwa jua na mitikisiko ya barabara inapasuka au inabanduka kipande kizima. Gereji moja niliyowahi kupeleka gari hii hii zamani walinifanyia hivyo kwenye ubavu wa nyuma, na walipoulizwa wakasema ni kwasababu ninaosha gari sana. Safari hii nilimwambia fundi kabla hujapaka puti nipigie nije nione bati. Alinuna kidogo ila alipiga. Na rangi usikubali "silva ni silva tu". Kwenye kibati cha maelezo cha Toyota kuna mstari umeandikwa C/TR, hapo kwenye C ndo namba ya rangi ya gari yako, fundi aende nayo duka la rangi wachanganye, alafu ajaribu kwanza kwenye kipande alinganishe na gari kwenye mwanga wa nje, maana hata kwa namba sahihi rangi ya gari yako imeshapauka miaka yote hii. Silva ndo msumbufu kuliko wote kwasababu ya zile chembe zake, presha ya bunduki ikibadilika kidogo rangi inatoka nyeusi zaidi au nyeupe zaidi. Weupe wa kawaida wa Toyota, namba 040, mna raha, ila wenye weupe wa lulu, namba 070, jiandaeni, ile inapigwa kwa tabaka tatu na bei inapanda. Fenda yangu imetoka vizuri, laki na thelathini, ukisogea karibu sana kwenye kona ya mlango unaona tofauti ndogo. Naikubali.

Wengine mtauliza bima. Kama una bima ndogo (ile ya kumlipa mtu uliyemgonga) hiyo haihusiki na bati lako mwenyewe. Kama una bima kubwa angalia eksesi (kiasi unachojilipia mwenyewe kwenye kila dai) kabla hujaanza kuhangaika na ripoti ya polisi na mtathmini, bonyeo moja la mlango mara nyingi gharama yake haifiki hata eksesi, utatembea bure alafu rekodi ya madai inabaki.

Kwa nyota: kikombe 1, na hiyo nyota moja nimeipa kwasababu kinabeba vioo vizuri. Drai na kopo la hewa 0. Maji ya moto kwenye bampa 5. Seti ya gundi 2 na nusu, ingekuwa 3 kama wangeweka gundi ya joto na plagi inayoingia ukutani kwetu. Fundi wa vyuma 5 kwa lile pana, 4 kwa dogo ambalo mimi nilishalivuruga njiani kidogo na yeye alinipunguzia bei hata hivyo. Fundi wa rangi 4.

Kama bado unataka kununua seti, nunua ile yenye kalamu ya kugongea ndani, zipo za bei rahisi hawajaiweka na bila hiyo vipele utabaki navyo. Tafuta mlango mbovu kwa wauza spea za mtumba Gerezani uubonyeze mwenyewe ujifunzie hapo, usianze na wa kwako. Fanya asubuhi kivulini, sumaku kwanza, spiriti tu. Vuta kidogo kidogo mara nyingi, usivute kwa nguvu mara moja. Mabonyeo yaliyoko ukingoni mwa mlango au kwenye mstari wa umbo wa gari yaache, pale bati limekunjwa mara mbili au limeshakazwa kwa umbo na kibandiko kitashindwa. Ya kwangu kwa sasa haiko kwangu, jirani mwenye Passo aliiazima "nitoe kabonyeo kamoja tu", na mara ya mwisho nimepita pale nimekuta bonyeo lipo na bunduki ya gundi inabandika soli za viatu vya shule vya watoto.